Stuli ya Jiwe Kando ya Kochi Kubwa

Baba yangu alikuwa fundi mawe, na katika mkoa wote wa Dodoma hakuna ukuta wa mawe uliosimama wima ambao mkono wake haukuupitia. Hayo ni maneno yangu. Yeye mwenyewe alikubali kuta chache tu: wa kanisa moja upande wa Buigiri, wa ghala moja karibu na reli, na wa choo cha shule fulani, ambao aliusifu kuliko zote. Kanisani watu hufumba macho, alisema, lakini chooni mtu anakaa na ukuta ana kwa ana.

Nayasema haya mapema ili tujuane. Mimi huongeza chumvi. Nimezaliwa nchi kavu, mvua yetu ya kubahatisha, mlenda wetu hauna nyama. Tusipoongeza chumvi tutakula nini? Ila habari ya stuli ya jiwe, yaani kimeza cha kando ya kochi, sitaiongezea kitu. Ina uchungu wa kutosha, haihitaji kiungo.

Ilianzia mbali, kabla sijazaliwa. Baba akiwa kijana aliitwa kuziba ufa kwenye ukuta wa nyumba ya ofisa mmoja wa kikoloni. Alifanya kazi humo ndani siku nzima, na kando ya kiti cha yule mzungu palikuwa na kimeza kidogo cha jiwe, duara, urefu wa goti, mguu mmoja mnene. Mzungu alikuwa anasoma gazeti. Kila baada ya kunywa fundo la chai mkono wake ulishuka, bila yeye kutazama, ukakikuta kimeza kiko palepale, na kikombe kikakaa. Basi. Baba hakuona kitu kingine katika nyumba ile. Picha ukutani, zulia, bunduki, ngozi ya chui, vyote aliviruka. Alichokiona ni mkono wa mtu unashuka bila wasiwasi kwa sababu kuna kitu kinausubiri.

Kwetu mgeni alipewa kikombe cha chai akakishika. Kikimchoma, alikihamishia mkono wa pili. Ukiungua nao, alikunywa haraka. Ndiyo maana wageni wa kwetu hawakukaa sana.

Hicho kimeza baba alikitunza kichwani miaka yote, akajenga kuta za watu, akatuzaa, akatulea, hakusema neno. Ikaja miaka ya ruksa. Vitu vikaingia kutoka kila pembe ya dunia, mji ukaanza kujengwa kwa matofali ya saruji, na watu hawakutaka tena ukuta wa mawe, wakauona ni wa kizamani, wa misheni na jela. Baba akawa anashinda nyumbani, amekaa kwenye kivuli cha nyumba, tindo zake zimefungwa kwenye gunia. Mzee asiye na kazi ni mzigo kwa mama kuliko mtoto mchanga. Mtoto mchanga hakosoi chumvi ya mboga.

Ndipo mdogo wangu wa kike alipopata mchumba.

Mchumba mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kuja, mwenye viatu vinavyong'aa hata katika vumbi letu, ambalo mwezi wa nane lina uwezo wa kumzika ng'ombe amesimama. Alikuwa na nyumba ya serikali Eria C, yenye bomba ndani. Baba alipomaliza kupokea posa na wageni walipoondoka, akasema, "Nitamtengenezea mwanangu meza."

Mama akauliza, "Meza ya nini?"

"Ya kando ya kochi. Ya jiwe."

"Mtoto anaolewa Eria C, wewe unampelekea jiwe? Huko kwao hawana mawe?"

"Si jiwe. Meza."

"Haya. Ya jiwe."

"Mama wewe," baba akasema, maana alimwita hivyo akiwa amekasirika, "nataka siku moja wanialike kwa mwanangu. Nikae kwenye kochi. Niletewe chai. Mkono ushuke, kikombe kikae. Hilo tu. Nimeomba kingi?"

Hakikuwa kingi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mwamba mkubwa, wa kijivu wenye wekundu kidogo kama nyama iliyokaa. Baba aliwasha moto juu yake, akaulisha kuni siku nzima, kisha akamwagia maji baridi. Jiwe likalia. Nilikuwa nimekuja nyumbani siku hiyo, nililisikia. Likapasuka sawasawa pale alipotaka, kama mkate. Akalichonga kwa tindo likawa duara, kisha akaanza kulisugua kwa jiwe jingine, mchanga na maji. Alisugua msimu mzima. Mama alibeba ndoo kichwani kutoka bombani, na bomba halikuwa karibu, baba akalinywesha jiwe. Majirani walikuja kumwona mwanamume anayenywesha jiwe maji wakati mbuzi wana kiu. Mmoja akamuuliza litazaa lini.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini, mchana nauza duka, jioni nasoma. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni nikiwa na ndevu kuliko mwalimu, na darasani tulikuwa sisi watu wazima tuliochoka, tunanuka saruji, samli na dizeli, tunajifunza habari za dunia kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba mawe ya milima yetu yalikuwa moto chini ya ardhi, yakapoa, yakaganda. Nikaenda nyumbani nikiwa nimevimba elimu, nikamwambia baba: jiwe lako ni moto ulioganda.

"Mwambie mwalimu wako aje kulisugua," akasema bila kuinua kichwa. "Atajua kama limepoa."

Lilipomalizika, nasema kweli, uliweza kujiona uso. Si vizuri kama kwenye kioo. Kama mtu anayejitazama kwenye maji ya mtungi. Juu duara, chini mguu mmoja mnene, mzito. Baba alileta kikombe cha bati, akaweka kigoda, akakaa. Akatazama mbali, kule barabarani, akashusha mkono. Kikombe kikakaa. Akakiinua, akashusha tena. Alifanya hivyo mara nyingi hadi mama akaja kukidai kikombe chake.

Sasa na mimi niseme nilikuwa nauza nini mchana. Nilikuwa nauza meza za kioo.

Duka lilikuwa karibu na soko la Majengo. Tajiri wetu alileta seti kutoka Dubai: meza moja kubwa ya kioo na stuli zake ndogo za kioo, miguu ya rangi ya dhahabu, dhahabu ambayo ukiigusa kwa kucha inakufuata. Watu walizipenda hadi kuota. Waliwahi kuja wafugaji kutoka kusikojulikana, wana mashuka na fimbo, wakanunua seti nzima ya kuweka kwenye nyumba ya tembe, na nasikia kuku wa humo ndani walipigana na kuku wa kwenye kioo mpaka mmoja akafa. Kazi yangu ilikuwa kusema, "Mama, hii ukiiweka sebuleni, mgeni hatazami kitu kingine." Na kweli hakutazama kitu kingine. Alitazama asije akaivunja.

Ikafika sherehe ya kumuaga mdogo wangu, ile ambayo siku hizo watu wa mjini walikuwa wameanza kuiita sendofu. Zawadi zilikuwa nyuma ya pazia, zinaitwa moja moja, zinapita mbele ya watu zikichezewa ngoma: sufuria, mablanketi, cherehani kutoka kwa wajomba. Stuli ya baba ilikuwa ya mwisho. Shangazi zangu walikuwa wameikagua mapema, wakaona aibu. Jiwe tupu, mbele za wakwe? Wakaifunika. Kwanza kitambaa cha kufuma cheupe, juu yake kitambaa cha kufuma cha rangi ya waridi, juu yake utepe, juu ya utepe maua ya plastiki. Kwa upendo kabisa. Kazi yote ya msimu mzima, mchanga na ndoo za mama, haikuonekana hata kwa ukubwa wa kucha.

Wanaume wanne wakaingia nayo, mishipa ya shingo imesimama. Mshereheshaji akaruka kwenye kipaza sauti.

"Kutoka kwa baba mzazi! Jamani, jamani! Baba ametoa mlima!"

Ukumbi ukacheka.

"Bibi harusi, siku ukigombana na mwenzio, chonde, rusha sahani. Hii usirushe!"

Ukumbi ukalala chini kwa kicheko. Nami nilicheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri, na mtu akinichekesha siwezi kujizuia hata msibani. Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama katika koti lake, anatabasamu tabasamu la mtu aliyepigwa picha ghafla. Alikuwa anasubiri wavue vitambaa. Hawakuvua. Wanaume wanne wakapita, wakatoka na mlima wao, ngoma ikabadilika, chakula kikaletwa.

Baada ya harusi, stuli ilikaa sebuleni Eria C kwa muda ambao heshima inadai. Kisha shemeji yangu akaja dukani kwetu.

"Shemeji," akasema, "nichagulie seti nzuri. Ya kioo."

"Stuli ya mzee je?"

"Ah, shemeji, ile ipo. Ile ni ya kumbukumbu. Lakini wakubwa wangu wa kazini wanakuja, unaelewa. Sebule inatakiwa ipumue."

Nikamchagulia. Nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaisukuma mwenyewe hadi Eria C kwa sababu tajiri hakumwamini mtu mwingine na vioo, nikaingiza kioo ndani, na kwa kuwa mlango ni mmoja na nafasi ni moja, mimi na shemeji tukalibingirisha jiwe nje. Tukaliweka uani karibu na bomba. Mdogo wangu alisimama jikoni mlangoni.

"Baba akiuliza?" akasema.

"Baba hawezi kuja kuona," shemeji akasema, kwa wema kabisa. Alikuwa ameshajifunza desturi zetu zile zinazomfaa.

Ni kweli, hawezi. Kwetu baba wa binti hakanyagi kwa mkwe wake bila kuitwa rasmi. Si kama hodi ya jirani. Anaitwa, anapangiwa siku, anapokewa. Mama ndiye hata akiitwa haendi. Mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Kwa hiyo baba alibaki kwetu Buigiri anasubiri mwaliko, na wakati anasubiri, akawa anauliza.

Alimuuliza kila aliyetoka mjini. Salamu zenyewe alizifupisha. "Mbukwa, mbukwa. Umefika kwa mwanangu? Kile kimeza kipo upande gani?"

Shangazi akajibu, "Kipo sebuleni, kaka." Binamu akajibu, "Kando ya kochi." Mimi ambaye siwezi kuacha kitu bila kukiremba nikajibu, "Kando ya kochi kubwa, baba, lile la mgeni wa heshima. Wakubwa wa ofisini wanagombania kukaa hapo." Baba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetafuna kitu kitamu. Sikuwa na haja ya kuwaambia wengine wasemeje. Ukoo mzima, bila kikao, bila mwenyekiti, ulikubaliana uongo mmoja.

Uani Eria C, jiwe halikukaa bure. Mdogo wangu alijifungua, na mama yake shemeji akaja kutoka kwao kumsaidia kulea. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alipenda samaki kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Nadhani bwawa la Mtera lilijengwa ili yeye apate samaki, umeme ni kisingizio tu. Alilikuta jiwe pale uani karibu na bomba, safi, laini, urefu wa kumfaa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyemwambia lilitoka wapi. Akafurahi. Kila gari la samaki lilipoingia, alikaa pale na kisu, akaparua magamba, akapasua, akatoa matumbo, na paka wa nyumba akawa anangoja miguuni pake. Alikuwa na mkono mzito. Uso wa jiwe, ule uliokuwa kama maji ya mtungi, ukajaa michoro ya kisu, mirefu, ya kukatana, na mafuta yakaingia ndani ya michoro yakawa meusi.

Ndipo mwaliko ukaja. Mtoto anabatizwa, na baba akaitwa.

Mdogo wangu alikuja dukani mbio, mtoto mgongoni. "Kaka, Jumapili baba anakuja. Njoo tulisafishe jiwe."

Tulilisugua kwa majivu, tukalisugua kwa mchanga, kwa sabuni ya mche, kwa ndimu. Nilitumia nguvu zangu zote, ambazo wakati huo zilikuwa za kusukuma treni. Harufu ikatoka, au pua zetu zilichoka, sijui. Michoro ya kisu haikutoka. Mdogo wangu akaenda kabatini, akarudi na kile kitambaa cheupe cha kufuma, cha sherehe. Akakitandika vizuri, akakivuta pembe.

"Hata hivyo kilikuja nalo," akasema. Sikuelewa kama anacheka au vipi.

Meza za kioo tukazihamishia chumbani. Shemeji akatusaidia kulibingirisha jiwe hadi ndani, anatania, "Leo mfungwa kapata msamaha." Tukaliweka kando ya kochi kubwa.

Baba alikuja na koti lake lile, na jogoo, na karanga kwenye mfuko. Alipokewa kama anavyopaswa kupokewa, shikamoo kutoka kila upande, akakalishwa kochi kubwa. Nilikaa mbele yake. Nikamwona anajizuia asitazame ubavuni. Alitazama dari, akatazama picha ya harusi, akauliza habari za mvua ambayo haikunyesha. Mdogo wangu akaleta chai. Baba akapokea, akanywa fundo moja, macho ameyaelekeza dirishani, mbali, kwenye bati la nyumba ya pili.

Mkono ukashuka. Kikombe kikakaa.

Sijawahi kumwona mtu ametulia namna ile. Mabega yalishuka. Viatu vyake, ambavyo alikuwa amevikusanya pamoja kama mtu anayengoja hukumu, vikaachana. Kama angekuwa na gazeti angelifungua.

Halafu paka akaingia.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, mnene, hana haraka, mtu wa nyumbani. Alikuwa amelikosa jiwe lake uani tangu jana, na sasa amelipata. Akaenda moja kwa moja, hakutazama mtu, akaruka juu. Akanusa kitambaa. Akakilamba. Akakikamata kwa kucha, akakivuta, kikombe kikaanguka, chai ikamwagika kwenye suruali ya baba, kitambaa kikateleza hadi sakafuni, na jiwe likabaki wazi, michoro yake yote juu, nyeusi. Paka akakaa katikati. Akamtazama mama yake shemeji, akalia, kudai.

Yule mama akapasuka kicheko. Hakuwa na ubaya hata chembe. "Mtazameni mwizi huyu! Anadhani ni saa ya samaki. Usishangae, mkwe wangu, hiyo ndiyo sahani yake. Mmeliingiza jiwe la samaki ndani la nini, nyie watoto?"

Shemeji alikuwa anamfukuza paka kwa mdomo, "Shh, shh," kimya kimya, kama mtu anayesali. Mdogo wangu alikuwa amesimama na birika.

Baba akaweka kiganja juu ya jiwe. Akakipitisha mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Samaki wa wapi?" akauliza.

"Wa Mtera!" yule mama akasema. "Wanakuja na gari la asubuhi, bado wanateleza."

"Wa Mtera wana mafuta," baba akasema.

"Sana!"

"Lazima jiwe linywe."

"Limekunywa, mkwe wangu, limekunywa!"

Mdogo wangu akamletea kikombe kingine. Baba akakipokea, akakishika. Kilipomchoma akakihamishia mkono wa pili. Mazungumzo yakarudi, ya mtoto amefanana na nani, ya bei za vitu, na yeye akajibu kila alichoulizwa, kwa adabu, kikombe mkononi. Nafasi ilikuwepo, jiwe lilikuwa pale pale ubavuni, kavu, mdogo wangu alikuwa amelifuta. Hakukiweka. Alikishika mpaka akamaliza.

Nilimsindikiza kwa miguu kwenda stendi. Suruali yake ilikuwa na alama ya chai kwenye paja, na vumbi lilikuwa limeishika.

"Ulisema wakubwa wanagombania kukaa hapo," akasema.

"Nilisema."

"Wanagombania na paka?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu, mimi ambaye nina la kusema kila mahali.

"Utafaulu mtihani wako," baba akasema. "Una kichwa."

Hakuuliza tena. Watu walitoka mjini wakapita kwetu, wakaandaa jibu lao, baba akawasalimia kwa kirefu, mvua, mifugo, watoto, na hilo moja hakuliuliza. Jiwe lilirudi uani wiki ileile. Nani angekula sebuleni na harufu ile? Na kurudishiwa zawadi ya binti hakuna, kwetu hilo ni sawa na kumrudisha binti mwenyewe. Tindo zake akazitoa kwenye gunia, lakini si kwa kuchonga. Wajenzi wa matofali ya saruji wanahitaji kokoto. Baba akaanza kuponda kokoto. Akaukalia mwamba ule ule uliouzaa mlima wake, akawa anauvunja vipande vya ukubwa wa yai, lundo moja, kisha lundo jingine, na malori yakaja kuyachukua yakajenge nyumba ambazo hazikumhitaji.

Najua mngependa nisimulie jinsi kioo kilivyovunjika. Natamani. Ningekuwa na mwisho mzuri, mtoto anajikwaa, kioo kinaporomoka, shemeji anatambua thamani ya jiwe. Hakikuvunjika. Mimi ndiye niliyewauzia, na nilikuwa nimesema kitadumu, nikidhani nadanganya. Kimedumu. Watoto wameruka juu yake, mpira umekipiga, kipo. Dhahabu ya miguu tu ndiyo imeisha.

Kilichobadilika ni wakubwa. Shemeji alipanda cheo, akajenga nyumba yake Eria D, jiwe likahamia uani huko, na kule kwenye vyeo vya juu alikuta watu ambao wameshachoka na kioo. Walikuwa wamesafiri. Walikuwa wameona huko nje kwamba tajiri wa kweli anakaa na vitu vya zamani. Mke wa mkubwa wake mmoja alikuja kutembea, akaenda uani kunawa mikono, akaliona jiwe. Akapiga kelele hadi watu wakadhani nyoka.

"Hii mmeitupa nje? Hii? Mnajua watu wanazitafuta vipi hizi?"

Hata jua halijazama, jiwe lilikuwa sebuleni. Kando ya kochi kubwa.

Niliikuta stuli huko sebuleni siku niliyoalikwa chakula. Haikuwa na kitambaa. Kuifunika sasa ilikuwa ushamba. Ilipakwa mafuta maalumu, inang'aa. Wageni walikuwa wamejaa, nami nilikuwa nimewachekesha tangu nilipoingia, kama kawaida yangu, nimewapa habari za kuku na kioo mpaka bwana mmoja akafungua kifungo cha shingo. Bwana huyohuyo akainama, akapapasa uso wa ile stuli, akafuata michoro ya kisu kwa kidole.

"Makovu haya ndiyo yanayoonyesha ni ya zamani kweli," akasema. "Huwezi kuyaghushi haya. Umeipata wapi?"

"Kuna Mgiriki mmoja alikuwa na shamba la mkonge," shemeji akasema. Alisema kwa utulivu, hata hakunitazama, na nadhani alikuwa ameshayasema mara nyingi hadi akayaamini. "Alipoondoka nchini akaacha vitu vyake."

"Wagiriki walikuwa mafundi," bwana yule akasema.

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu alikuwa anapita na bakuli la mchuzi. Akaliweka juu ya stuli, taratibu, akasema, "Kaka, wali wako unapoa."

Wali haukuwa unapoa. Ulikuwa unatoa moshi. Nikala.

Wiki iliyofuata nilikwenda Buigiri. Baba alikuwa juu ya lundo lake la kokoto, mzee sasa, nyusi nyeupe kwa uzee na kwa vumbi, huwezi kujua kipi kimeanza. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu naye.

"Baba," nikamwambia, "kile kimeza chako kipo sebuleni."

Akaendelea kugonga.

"Kando ya kochi kubwa. Hakina hata kitambaa. Wakubwa wanakipapasa kwa vidole, wanasema mafundi wa namna hiyo hawapo tena."

Baba akaweka nyundo chini. Akanitazama kwa muda, mimi msomi wake wa jioni, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa kiwiko.

"Mwanangu wewe na chumvi yako," akasema. "Na yule paka je? Wamemnunulia kochi lake?"

Nikamwambia ndiyo, la velveti, jekundu, lina na sehemu ya kuegemeza mkia. Akacheka zaidi, akavuta jiwe jingine.